Makopo Manne, Kilo Tano

Mimi hesabu niliimbishwa.
Sita mara saba, fimbo. Saba mara nane, fimbo.
Hadi leo nikiisikia hamsini na sita
kiganja hujikunja chenyewe.

Kwa hiyo Asumini aliporudi na magoti ya vumbi
akasema, "Leo tulikuwa na hesabu,"
nikajua amecheza.

Mwalimu Somoe kachora miraba uani, kwa majivu.
Shaweji ndiye mashine.
"Mashine haina huruma, baba, wala haina akili,
inafanya uliloiambia, basi."
Wakamwambia: hatua nne mbele, geuka kulia, tembea.
Hakuna aliyemwambia simama.
Akatembea Shaweji, akatembea,
mpaka paji la uso likagonga mlingoti wa bendera,
na darasa zima likarudi kwenye daftari
kutafuta neno lililosahaulika.

Nilicheka. Ilikuwa Oktoba,
Kitangari yote inanuka mabibo,
na mimi nilikuwa na kazi yangu ya jioni.

Mnaijua kazi yangu.
Serikali inaiita kosa, sisi tunaiita kangomba:
mtu ana mgonjwa, au ada, au njaa tu,
hawezi kungoja mnada,
anakuja mlango wa nyuma na korosho kwenye kanga.
Kopo moja, kilo moja, pesa mkononi.
Kopo lenyewe nililirithi kwa mjomba,
kitako kimegongwa nyundo kikatokeza nje
kama kitovu cha mtoto.
Ndiyo maana siliweki chini. Haliketi.

Wiki iliyofuata wakaanza kupima.
Asumini alipima mlango kwa kamba yenye mafundo,
alimpima mbuzi akiwa amelala, akampima tena akiwa amekasirika,
akagundua dumu tunalouziwa maji
limepungua vidole viwili. Nikamsifu kwa hilo.

Jumamosi akatundika ufito wa mwanzi kwenye boriti ya stoo,
ndoo ndogo ya rangi huku, nyingine kule,
akabandika donge la udongo upande uliokuwa mwepesi
mpaka ufito ukalala kama mtu aliyeshiba.
Akamimina lita moja ya maji.
"Lita ya maji ni kilo," akaninong'oneza,
kama anayetoa siri ya jirani.
Kule akajaza mchanga, kidogo kidogo, mpaka ukayajibu maji.
Akaufunga kwenye kitambaa: hii kilo.
Mwingine wa kiasi hicho akaugawa nusu, nusu tena: hii robo.

Kisha akanyoosha mkono kutaka kopo.

Ningeweza kukataa. Baba anaruhusiwa.
Korosho zikaingia, ndoo ikashuka.
Kilo ikawekwa, haikutosha kuzinyanyua.
Robo ikaongezwa,
na ufito ukalala.

Hakunitazama. Alitazama vidole vyake.
"Binti Likwata jana alileta makopo manne."
Nikasema ndiyo.
"Makopo manne ni kilo tano, baba.
Moja imekwenda wapi?"
Hakuuliza kama polisi.
Aliuliza kama walivyoinamia daftari siku ile,
Shaweji akijishika paji la uso.

Usiku nikakuta ukutani, kwa mkaa,
mwandiko wa darasa la tatu:

     Anza.
     Jaza kopo.
     Weka kwenye mizani.
     Kama ni zaidi ya kilo, punguza.
     Rudia mpaka ufito ulale.
     Lipa.
     Simama.

Hilo la mwisho nimelisoma mara nyingi.
Chokaa ninayo, ndoo nzima, na brashi yake.
Sijaifungua.

Sasa kuna mtu anabisha mlango wa nyuma,
anakohoa, ananiita kwa jina la baba yangu.
Kopo liko mkononi, limejaa.
Nimefika mstari wa nne.